Podi ziko hai, kivinjari hakioni kitu

Vijana wengi wanaoanza kazi ya kuendesha programu kwa Kubernetes, mfumo wa kusimamia makontena (programu zilizofungashwa na mahitaji yake), hapa Kampala hukwama mahali pamoja. Klasta ya Kubernetes imesimama kwenye laptopu kwa kind, zana ya kuunda klasta za majaribio, podi zote (vitengo vinavyobeba programu yako) zinaonyesha Running, lakini ukifungua localhost:30080 kivinjari kinagoma. Usikimbilie kubadilisha msimbo.

Katika kind, kila nodi, yaani kila mashine ya klasta, ni kontena la Docker. Kwa hiyo kuna malango mawili: kutoka kompyuta yako hadi nodi, kisha kutoka nodi hadi podi. NodePort, aina ya Service (anwani ya kudumu mbele ya podi) inayofungua poti kwenye nodi, ambayo kwa kawaida hupewa namba kati ya 30000 na 32767, hufungua lile la pili tu. La kwanza hufunguliwa na extraPortMappings kwenye faili la usanidi, kwa mfano containerPort: 30080 na hostPort: 8080 (hapo kivinjari utakifungulia localhost:8080), nayo huandikwa kabla ya klasta kuundwa. Ukisahau, futa klasta uiunde upya. Mwenzako wa Ubuntu atakwambia kwake inafanya kazi bila hayo, na ni kweli: kwenye Linux anwani ya nodi hufikika moja kwa moja. Kwenye Windows na Mac, Docker Desktop huendesha makontena ndani ya mashine pepe, kwa hiyo njia hiyo haipo.

Kuhusu kubectl port-forward, amri inayounganisha poti ya kompyuta yako na podi, nakuomba uwe makini sana. Inafaa kuchungulia, haifai kuwa ushahidi. Hata ukiielekeza kwenye Service, huchagua podi moja tu, na podi hiyo ikifa, muunganisho unakatika. Tena huingia hadi ndani ya podi: programu inayosikiliza 127.0.0.1 (anwani ya ndani ya podi yenyewe) peke yake itajibu vizuri kupitia port-forward, halafu kupitia NodePort inyamaze. Iambie isikilize 0.0.0.0, yaani anwani zote. Ikiwa bado kimya, tazama kubectl get endpoints, orodha ya anwani za podi zilizo nyuma ya Service. Orodha ikiwa tupu, mara nyingi lebo za podi hazilingani na selekta ya Service (lebo inazozitafuta), au podi haijawa tayari.

Bando ni ghali, kwa hiyo ingiza imeji zako (vifurushi vinavyozaa makontena) kutoka kompyuta yako kwa kind load docker-image. Zipe tagi (alama ya toleo) kama v1, maana tagi ya latest huifanya Kubernetes iende kuitafuta mtandaoni kila mara.

Na kama unafanyia kazi kwenye Wi-Fi ya wengi, tuseme ofisi ya pamoja kule Ntinda, ongeza listenAddress: "127.0.0.1" kwenye extraPortMappings. Usipoiweka, kind hufungua poti hiyo kwa anwani zote za kompyuta yako, na jirani wa meza ya pili anaweza kuingia kwenye mfumo wa malipo unaoujaribu.