Maswali na Majibu: Sukari, Saratani na Utafiti wa Cantley

Barua za safari hii zimetoka Tanga mjini na Muheza, na karibu zote zinamtaja Lewis Cantley, mtaalamu wa baiolojia ya seli wa Marekani ambaye yeye na wenzake waligundua kimeng'enya cha PI3K katika miaka ya 1980.

Mama ana saratani ya titi. Kwa kuwa saratani hula sukari, tumemwondolea wali, ugali na matunda. Anakunywa mchuzi wa samaki tu na amedhoofu sana. Tuendelee? (Ngamiani)

Msiendelee. Mrudishieni mama chakula chake leo, kisha mkazungumze na daktari anayemtibu. Ni kweli kwamba seli nyingi za saratani hutumia glukosi, yaani sukari ya damu, kwa wingi; mwanasayansi Otto Warburg alilionyesha hilo nchini Ujerumani katika miaka ya 1920, na kipimo cha PET hutegemea tabia hiyo hiyo kuonyesha uvimbe ulipo. Lakini ini hutengeneza glukosi hata mtu asipokula, kwa hiyo uvimbe hupata riziki yake huku mama akikosa nguvu za kuhimili dawa. Alichokifafanua Cantley ni jinsi amri ya kukua inavyopita: homoni ya insulini inapoifikia seli, PI3K hubandika fosfati kwenye mafuta ya utando wa seli, na ishara hiyo huiamuru seli ichukue glukosi na ikue. Mwaka 2004 watafiti wengine walionyesha kwamba jeni la kimeng'enya hicho, PIK3CA, lina kasoro katika saratani kadhaa, ya titi ikiwemo, na kasoro hiyo huiacha amri ikitolewa hata pale ambapo haikuhitajika. Kumnyima mgonjwa ugali hakuirekebishi jeni. Inasikitisha kwamba kila ndugu anayekuja kumjulia hali mgonjwa ana ushauri wa chakula, ilhali ni wachache wanaouliza kama amepata nauli ya kurudi kliniki.

Je, magadi soda huponya saratani? (wasomaji kadhaa)

Hapana. Swali hili limekwishajibiwa hapa mara nyingi, na jibu halibadiliki kwa kuulizwa upya.

Nasikia dawa ya kuzuia PI3K hupandisha sukari ya damu. Ni dawa gani hiyo inayoleta ugonjwa mwingine? (Chumbageni)

Bila shaka unaikusudia alpelisib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa baadhi ya wagonjwa wa saratani ya titi wenye kasoro ya PIK3CA. Insulini hupitisha ishara yake kwa kimeng'enya hicho hicho, kwa hiyo ukikizuia kwenye uvimbe unakizuia pia kwenye ini na misuli. Sukari hupanda, kongosho hutoa insulini zaidi, na insulini hiyo huweza kuiamsha tena PI3K ndani ya uvimbe. Mwaka 2018 Cantley na wenzake walichapisha katika jarida la Nature kwamba panya waliopewa dawa za aina hiyo pamoja na chakula chenye wanga kidogo mno walinufaika zaidi kuliko waliopewa dawa peke yake. Wanaoutangaza utafiti huo mitandaoni huishia hapo, nao huficha lililo muhimu kuliko yote: lishe hiyo ilipotumiwa bila dawa, iliharakisha ugonjwa katika panya wenye aina mojawapo ya saratani ya damu.

Machungwa yetu yana vitamini C inayoua saratani. Kwa siku tule mangapi? (Muheza)

Kuleni mnayoyataka, kwa kuwa ni matamu. Utafiti wa vitamini C uliochapishwa mwaka 2015 ulihusu seli za saratani ya utumbo mpana zenye kasoro katika jeni za KRAS au BRAF, pamoja na panya waliodungwa dozi kubwa sana, ambayo mlaji wa machungwa hawezi kuifikia.

Muuza dawa mmoja stendi ana unga wa mizizi na nakala ya utafiti wa Kimarekani, imepigwa mistari kwa kalamu nyekundu. Nimwamini? (Tanga mjini)

Mwulize kama mizizi yake imetajwa popote katika nakala hiyo, na kama waliotibiwa humo ni watu, panya, au seli zilizokuzwa katika kisahani cha maabara, ambazo hata dawa ya kusafishia choo huziua. Na ikiwa unauliza kwa sababu umeona uvimbe titini, usimsubiri akujibu. Nenda Hospitali ya Bombo ukapimwe wiki hii.