Re: Siku saba Las Vegas mpaka Moab na watoto, zinatosha?

Zinatosha mkuu, ila Grand Canyon iache safari hii, ukiibana humo mtashinda ndani ya gari tu. Anza hifadhi ya Zion, jimbo la Utah, lala siku mbili. Kuanzia machipuko mpaka vuli ile barabara ya ndani ya korongo hamruhusiwi kuingia na gari lenu, mnapanda basi la bure, kwa hiyo wahini parking asubuhi sana. Kupanda Angels Landing, ule mwamba mrefu wenye njia nyembamba, tangu 2022 ni kwa kibali na kwa watoto sishauri kabisa, wapeleke The Narrows, pale korongo linapobana, wakatembee mtoni, lakini tafadhali kabla hamjaingia waulize maaskari wa hifadhi hali ya hewa maana mvua inaweza kunyesha mbali huko juu na nyie mko kwenye jua kali halafu maji yakashuka ghafla, mkiona maji yamegeuka tope na vijiti vinaelea pandeni juu saa hiyo hiyo, msisubiri kupiga picha.

Hifadhi inayofuata, Bryce, ni kama saa mbili kutoka hapo. Bebeni majaketi, kule ni zaidi ya mita 2,400, usiku baridi hata Juni. Kwenda hifadhi ya Capitol Reef piteni barabara namba 12, aisee ile njia ni tamu! Ukivuka mji wa Escalante kuna kipande kinapita juu ya mgongo wa mwamba, korongo kushoto na kulia, endesha taratibu. Jaza mafuta kila mji, daunilodi ramani mapema, na maji lita nne kwa kila mtu kwa siku.

Mwisho hifadhi ya Arches, pale karibu na Moab, nendeni alfajiri, njia ya kwenda Delicate Arch, lile tao la mwamba, haina kivuli.