Niliuza valyu wiki tatu kabla haijaruka

Aisee mimi ni dreva wa kuongoza watalii, sio mtu wa benki, haya mambo ya hisa nimeyajua kwa kuungua.

2019 tupo Kogatende, kaskazini ya Serengeti, tumepaki pembeni ya mto Mara toka saa mbili asubuhi tunasubiri krosingi, yani nyumbu wavuke, mara redio ikaita kuna chui juu ya mti huko nyuma, magari karibu yote yakachomoka, mi nishawasha injini mgeni wangu, mzee mmoja wa Chicago, akasema hapana tukae. Ndo kwenye kukaa huko akanipa somo la fakta. ETF unaijua, kapu la hisa kibao unalinunua kama hisa moja, sasa hizi za fakta kapu lake limechekechwa kwa kigezo: kampuni ndogo, au zenye bei ya chini ukilinganisha na mali zake vitabuni (hiyo ndo valyu), au zilizokuwa zikipanda miezi ya karibuni, wanaita momentamu. Kuna maprofesa wawili, Fama na French, waliandika 1992 kwamba ndogo na za bei chini zililipa zaidi kwa muda mrefu, Fama akaja kupewa Nobel 2013. Saa nane nyumbu wakavuka. Tulibaki magari matatu tu.

Basi tipu zangu nikawa naweka kwenye ETF ya kampuni ndogo za bei chini za Marekani. Corona ikaingia, Arusha kimya, gari limepaki Sakina linakula vumbi, mi nashinda na simu naangalia bei kama naangalia mechi. Kapu langu lilikuwa bovu kishenzi, limejaa vibenki na mafuta, wakati Amazon inapaa, na valyu ilishaachwa nyuma zaidi ya miaka kumi kila mtu anasema imekufa. Tarehe 19 Oktoba 2020 nikauza nikahamia momentamu. Tarehe 9 Novemba Pfizer wakatangaza majibu mazuri ya chanjo, siku hiyohiyo mabenki, mafuta na mashirika ya ndege yakaruka, nilikohamia kukashuka. Ugali ulinishinda kumaliza.

Mtoni nilikaa kwa sababu mteja kasema, hela yangu mwenyewe nikakimbilia chui.

Kwahiyo kama unajijua huwezi kuvumilia miaka saba nane ukiwa nyuma ya wenzako, nunua tu ETF ya soko zima, wala sio aibu, tena bei poa: kuna za ada ya 0.03% kwa mwaka wakati ya fakta inaweza kufika 0.25%, yani kwenye dola 1,000 ni senti 30 kwa dola mbili na nusu. Na gawio la hisa za Marekani sisi Wabongo tunakatwa 30% kabla hujaliona, hilo wengi hawaambiwi.

Sahivi robo tatu naweka soko zima, robo imerudi kulekule kwa vibenki. Apu nimeifuta kwenye simu, naangalia kwenye kompyuta Juni na Januari. Ada ya shule ya mtoto ipo UTT, mifuko ya uwekezaji ya hapahapa Bongo, kwenye mfuko wa Ukwasi, hiyo sichezi nayo.