AC ya gari kutoa uvundo: angalia maji kwanza, gesi haihusiki

Mkuu uliyeuliza kuhusu Toyota IST yako, nimesoma maelezo yako yote. Unasema ukiwasha AC asubuhi inapiga harufu ya soksi mbichi, baada ya muda inapungua, halafu ukikaa kwenye foleni inarudi. Fundi kakwambia gesi imechakaa, ijazwe upya. Na mdau mmoja hapo juu kakushauri ununue pafyumu ya kubana kwenye matundu ya hewa. Mimi nabeba abiria hapa Dar kwa gari la aina hiyo hiyo, na kabla yake nilikuwa na Noah, kwa hiyo suala la harufu kwangu ni suala la ugali. Abiria akishaziba pua, hata ukiendesha vizuri namna gani, nyota tano huzioni.

La gesi tulimalize kwanza. Gesi ya AC inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa: inasukumwa na kompresa (pampu yake), inapita kondensa kule mbele ya redieta, inaingia kwenye evaporeta, yaani kile kipozeo kilichomo ndani ya dashibodi, inarudi ilikotoka. Hewa unayopuliziwa usoni haikutani nayo popote. Inapita nje ya evaporeta, inapoa, inakuja kwako. Gesi ya R134a iliyomo kwenye gari lako haiozi wala haichachi. Ikipungua ujue imevuja, na dalili yake ni AC kutopoza. Sasa kama gari linapoza mpaka unavuta mikono ya shati lakini linanuka, fundi anayekujazia gesi anakuuzia kitu ambacho gari halijaomba. Kuna mmoja alitaka kunifanyia hivyo kwenye Noah. Nilimuuliza gesi inatokaje kwenye bomba ikafika puani kwangu, akabadilisha mada.

Harufu yako inatoka kwenye maji. Evaporeta ikiwa kazini inakuwa na ubaridi wa nyuzi chache tu juu ya sifuri, na hewa yetu ya pwani imejaa unyevu. Unyevu ukigusa mapezi yake, vile vibati vyembamba vya alumini, yakiwa na baridi hiyo unageuka matone, vilevile kama jasho la chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Matone yanadondokea kwenye trei iliyo chini na kutoka nje kwa mpira mdogo. Ukizima gari, evaporeta inabaki imelowa, iko gizani, na joto la dashibodi linapanda. Humo ndani kuna vumbi la mwaka mzima, nyuzi za kapeti, nywele na ukoko wa ngozi za abiria. Kuvu na bakteria hawahitaji kingine. Wanatandaza utando wao juu ya alumini na uvundo unaanzia hapo.

Hiyo ndiyo sababu asubuhi inanuka zaidi, kwani pumzi ya kwanza ya feni inakusanya yote yaliyovunda usiku. Na kwenye foleni inarudi kwa sababu kompresa inajizima na kujiwasha. Kila ikijizima evaporeta inapata joto kidogo, maji yaliyoko juu yake yanaanza kupanda kwenye hewa unayopuliziwa, na harufu inapanda nayo. Jamaa zetu wa Njombe na Mbeya, ambao AC wanaiwasha kwa nadra, hawalijui sana tatizo hili. Sisi wa Dar, Tanga na Unguja tunaliishi.

Kabla hujanunua chochote, fanya jaribio la maji. Egesha sehemu kavu, washa AC kwa baridi ya juu kabisa, feni katikati, iache dakika ishirini hivi. Shuka uangalie chini ya gari upande wa abiria wa mbele. Kwa hewa ya Dar lazima uone maji yanadondoka, tena kwa wingi. (Ukiwa Dodoma mwezi wa tisa matone machache yasikutishe, hewa ya kule ni kavu.) Kama hakuna hata tone, mpira umeziba na trei imegeuka bwawa. Dalili nyingine ni sauti ya maji yanayocheza ndani ya dashibodi ukikata kona, au kapeti ya abiria wa mbele kulowa. Bonyeza kapeti kwa nguvu kwa kiganja, usiishie kuigusa juu juu, maana sponji iliyo chini yake inaweza kubeba maji mengi huku juu pakiwa pakavu.

Kuzibua si kazi kubwa. Gari likiwa juu ya mawe au kwenye shimo la gereji, tafuta mpira mfupi unaotokeza kwenye ukuta unaotenganisha injini na ndani, upande wa abiria, chini. Ingiza uzi mnene wa plastiki, ule wa mashine ya kukatia majani unafaa sana, uusukume taratibu huku ukiuzungusha. Waya mgumu usitumie, utatoboa trei. Upepo wa kompresa ya gereji nao uogope: ukipigwa kwa nguvu kutoka chini unarudisha uchafu juu au unachomoa mpira kwenye trei, na ukishachomoka maji yote yanaingia kwenye kapeti. Kwenye Noah yangu palikuwa pamezibwa na ile rangi nyeusi ya kuzuia kutu. Aliyepiga rangi chini ya gari alipita na mpira wa AC bila kujali. Kwa hiyo kama umepiga rangi hiyo karibuni, anza kuangalia hapo.

Kama kapeti imelowa, ing'olewe, sponji ianikwe juani mpaka ikauke kabisa. Najua ni usumbufu wa kufungua viti, lakini ukisafisha AC ukaacha sponji imevunda chini, utasema dawa haifanyi kazi.

Filta ya AC ndiyo inafuata. Kwenye IST na Toyota nyingi ndogo iko nyuma ya kile kikabati cha mbele ya abiria. Unatoa kikabati, unakuta kifuniko chembamba cha plastiki, unachomoa filta. Magari mengi tunayopokea kutoka Japani yanafika na filta ileile aliyoiacha mwenyewe kule, na mnunuzi wa huku anabadilisha oili na filta ya oili tu, ile nyingine hata hajui ipo. Mengine ya bei ya chini yalitoka kiwandani na nafasi ya filta bila filta yenyewe, kwa hiyo usishangae ukikuta patupu, nunua uweke. Iliyo nyeusi, yenye majani na madoa ya unyevu usiipige upepo ukairudisha. Itakuwa safi machoni lakini kuvu wamo kwenye nyuzi. Nenda maduka ya spea Kariakoo na filta ya zamani mkononi ulinganishe saizi, na ukiweka mpya fuata mshale uliochorwa ubavuni. Kwa njia zetu za vumbi mimi sisubiri kilomita za kwenye kitabu. Nikiona imebadilika rangi, natupa.

Ukishatoa filta, siku hiyo hiyo ndiyo nafasi ya kusafisha evaporeta. Dawa ninayoiamini ni povu la kopo linalotengenezwa kwa ajili ya evaporeta za magari, lenye mrija mrefu. Mahali pazuri pa kupenyeza mrija ni tundu la rizista ya feni: kale kapande ka kupanga spidi ya feni, kenye soketi ya nyaya, kaliko kwenye boksi la hewa, karibu na feni. Zima gari, chomoa soketi, fungua skrubu zake, na ukimulika kwa tochi ya simu hapo ndani mara nyingi unaona mapezi yenyewe. Kama umezoea kuona picha za evaporeta mpya zinavyong'aa, jiandae. Pulizia povu lienee, ukielekeza mrija kwenye mapezi na mbali na mota ya feni. Acha lifanye kazi kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Maji machafu yatatoka kwa mpira wa chini, na hapo ndipo utajua kwa nini nimesema uuzibue kwanza. Mwenye haraka akiweka povu mpira ukiwa umeziba, anaogesha kapeti.

Jiki usitumie. Klorini inakula alumini, na mvuke wake utauvuta wewe na watoto. Maji ya presha ya sehemu za kuoshea magari yanalaza mapezi, hewa haipiti tena. Sabuni ya unga inaacha mabaki yanayonata, na vumbi linapata pa kushika. Kushusha dashibodi nzima kutoa evaporeta ni kazi ya mwisho kabisa, pale inapovuja au imejaa uchafu mpaka hewa haipiti. Ni lazima gesi ivutwe kwanza kwa mashine, na dashibodi ikishashushwa na fundi asiye makini haikosi kupiga kelele kila ukigusa rasta za barabarani. Kwa uvundo wa kawaida mtu akikwambia ushushe, tafuta mwingine.

Baada ya povu, kausha. Hapa wengi wanawasha hita na hewa ya nje wakidhani joto linapita kwenye evaporeta. Halipiti. Redieta ndogo ya hita imekaa baada ya evaporeta, kwa hiyo hewa inapashwa moto ikiwa imeshaivuka. Unachotakiwa ni kuzima AC, hita mwisho, feni juu, kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, madirisha yamefungwa. Hewa moto inajaa ndani ya gari, feni inaivuta tena na kuipitisha kwenye evaporeta ikiwa moto. Baada ya robo saa fungua milango yote unyevu utoke, urudie. Fanya hivyo nje kwenye uwazi, usiwe kwenye banda la gari, na usikae ndani.

Kisha kuna tabia moja ambayo ukiishika hutanunua makopo mara kwa mara. Ukikaribia nyumbani, dakika tano hivi kabla ya kufika, zima kitufe cha AC tu, feni iendelee, na weka hewa ya nje. Evaporeta inapoteza ubaridi, maji yanaacha kutengenezwa, na yaliyokuwepo yanapulizwa na kudondoka. Jasho litakutoka kidogo, vumilia. Mimi nikimaliza zamu usiku nafanya hivyo kuanzia Mwenge mpaka naingia geti, na ni kitu pekee kwenye orodha hii ambacho hakigharimu hata senti. Watu wanaoacha kitufe cha hewa ya ndani mwaka mzima kwa kuogopa vumbi wanafuga unyevu wa pumzi zao wenyewe.

Hayo yote ni ya uvundo. Harufu nyingine zina mambo yake, na njia ya haraka ya kuzitenganisha ni kile kitufe cha hewa. Ukiweka hewa ya ndani harufu ikakata, chanzo kiko nje ya boksi la AC, mara nyingi kwenye injini. Oili inayovuja kwenye tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini) ikidondokea ekzosi inaleta harufu ya kuungua inayoingia kwa matundu ya chini ya waipa. Harufu ya plastiki inayoungua pamoja na feni kubaki na spidi moja ni rizista au soketi yake, zima usiendelee. Harufu ya utamu utamu na kioo cha mbele kupata ukungu unaoteleza ni kulanti (dawa ya redieta) inayovuja kwenye redieta ya hita. Ila kwa sisi tunaojaza maji ya bomba kwenye redieta utamu hutausikia, utaona kapeti imelowa na maji ya redieta yanapungua. Moshi wa ekzosi au petroli ndani ya gari, fungua vioo na usimame, hayo si ya kuvumilia mpaka mwisho wa mwezi.

Na kuna panya. Gari likikaa wiki kadhaa anaingia kwa matundu ya chini ya waipa, anajenga juu ya filta au ndani ya feni, na akifia humo hakuna povu litakalokusaidia mpaka atolewe. Wanaoegesha chini ya mwarobaini wana shida ndogo ya namna hiyo, majani yanajaa chini ya waipa, yanaoza na mvua ya masika. Toa kile kifuniko cha plastiki, zoa, osha. Nimeweka wavu wa waya kwenye tundu la kuingizia hewa, na gari likikaa naliacha na kitufe cha hewa ya ndani ili kipazia cha ndani kifunge njia ya hewa ya nje.

Kuhusu pafyumu, ya kubana au ya kuning'iniza, inakupa uvundo wenye harufu ya vanila. Mashine ya ozoni ambayo baadhi ya sehemu za kuoshea magari wanayo inafaa kwa harufu ya sigara iliyoshika viti, gari likiwa tupu na likapewa hewa ya kutosha baadaye, maana ozoni ni mbaya kwa mapafu. Utando wa kwenye evaporeta haiuondoi, kwa hiyo ukiianza hiyo kabla ya kusafisha, harufu itarudi.

Kwa kesi yako, mkuu, na jinsi ulivyosema gari bado linapoza vizuri, ningefanya jaribio la maji leo jioni na kufungua kile kikabati kuangalia filta. Leta picha ya filta na useme kama chini palidondoka kitu au la, tuanzie hapo.