Chombo cha Vitafunio Mbele ya Mkaguzi wa Hataza

Barua ya kwanza ya mkaguzi wa hataza (haki ya kisheria inayolinda uvumbuzi) kuhusu chombo cha kubebea vitafunio mara nyingi huwa na sura ileile. Inataja hati mbili au tatu za zamani, yaani zilizotangazwa kabla ya ombi: moja inaonyesha chombo chenye vyumba, nyingine kifuniko cha kuzungusha, ya tatu pete ya mpira ya kuzuia kuvuja. Kisha inasema fundi yeyote wa fani hiyo angeweza kuziunganisha bila kuumiza kichwa. Mwombaji anasoma na kukasirika, kwa kuwa hakuna hati hata moja inayofanana na chombo chake. Ni kweli, lakini kutofanana na hati moja kunajibu swali la upya tu. Swali la hatua ya kivumbuzi, yaani kama fundi wa kawaida asingeufikia uvumbuzi huo kwa urahisi, liko palepale, na maombi mengi ya vyombo vya aina hii hukwama hapo.

Ushauri wetu mkubwa ni huu: kabla ya kuwasilisha ombi, tafuta mahali ambapo sehemu mbili za chombo chako zinategemeana, kiasi kwamba ukiondoa moja nyingine inashindwa kazi. Dai kuu, yaani sentensi inayochora mipaka ya unachotaka kilindwe, lijengwe hapo.

Kijiko kilichobanwa kwenye kifuniko, ukuta unaogawa chombo na kitanzi cha kuning'iniza begani havitegemeani. Kijiko ni kijiko, ukuta ni ukuta, kila kimoja kinafanya kazi iliyojulikana tangu zamani. Mkaguzi atauona huo kuwa mkusanyiko wa vitu vinavyojulikana, hata kama hakuna aliyewahi kuviweka pamoja. Nchini Marekani msimamo huu ulipata nguvu zaidi mwaka 2007, Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya KSR dhidi ya Teleflex: kuunganisha vitu vinavyojulikana kwa njia zinazojulikana, na matokeo yakawa yaleyale yaliyotarajiwa, hakuelekei kuwa uvumbuzi. Ofisi ya Hataza ya Ulaya hupita njia nyingine. Inachukua hati iliyo karibu zaidi na chombo chako, inaangalia tofauti, inauliza tofauti hiyo inaleta faida gani ya kiufundi, kisha inauliza kama mtaalamu wa kawaida angeifikia. Kotekote utahitaji faida inayozaliwa na mpangilio wenyewe wa sehemu.

Tuchukue chombo cha mfano, cha duara, chenye nusu kipenyo cha mm 40. Ndani kimegawanywa sehemu tatu za nyuzi 120: chumba cha vikavu, chumba cha vya majimaji, na sehemu ya tatu iliyozibwa juu. Mdomo wa kila chumba una upana wa nyuzi 100 na umezungukwa na pete ya silikoni yenye unene na upana wa mm 2. Kifuniko kina dirisha moja, nalo la nyuzi 100. Dirisha likikaa juu ya sehemu iliyozibwa, vyumba vyote vimefungwa. Likizungushwa nyuzi 120 linafungua kimoja huku kingine kikibaki kimefungwa.

Hadi hapo hakuna cha kudai. Makopo ya viungo yenye kifuniko cha kuzungusha yamefanya hivyo kwa miaka mingi. Tatizo linajitokeza chombo kikitumika. Kifuniko kikizungushwa huku kimeikandamiza pete, ukingo wa dirisha unaikwangua, pete inachubuka, umajimaji unapenya na vikavu vinalegea. Ukikilegeza ili kizunguke kwa urahisi, kinavuja tangu siku ya kwanza. Mvutano wa namna hii kati ya mahitaji mawili una thamani kubwa kwa mwombaji. Andika juu yake kwa kirefu.

Sasa suluhisho. Kifuniko kina vijino vitatu vinavyopita ndani ya mfereji uliochongwa kwenye ukuta wa chombo. Mfereji una mabonde matatu, moja kila nyuzi 120, na kila bonde linapanda mm 1.2 ndani ya nyuzi 12 za mzunguko. Chombo kikiwa kimefungwa, ukingo wa dirisha uko nyuzi 20 kutoka mdomo wa chumba. Pete inachukua karibu nyuzi 6 kwenye upande wake wa ndani, uliopo mm 20 kutoka katikati, hivyo zinabaki nyuzi 14. Kifuniko kinamaliza kuinuka kwenye nyuzi 12, kabla ukingo wa dirisha haujaifikia pete. Umbali kati ya dirisha na mdomo unategemea mwinuko wa mfereji, na mwinuko unategemea umbali huo. Ukibadilisha kimoja bila kugusa kingine, pete inaanza kukwanguliwa tena.

Linganisha madai mawili. La kwanza: "Chombo cha kubebea vitafunio chenye vyumba viwili, kifuniko cha kuzungusha na mpira wa kuzuia kuvuja." Hilo litaanguka kwenye barua ya kwanza, na maneno "kuzuia kuvuja" hayataliokoa, kwa sababu yanataja matokeo bila kusema umbo gani linayaleta. La pili: "Chombo cha kubebea vitafunio kinachojumuisha mwili wenye vyumba viwili, mdomo wa kila chumba ukiwa umezungukwa na pete nyumbufu, kifuniko kinachozunguka chenye dirisha, na mfereji unaokiinua kifuniko kinapozungushwa, ambapo pembe ya mzunguko inayotosha kukitenga kifuniko na pete ni ndogo kuliko pembe iliyopo kati ya ukingo wa dirisha na pete ya jirani kifuniko kikiwa kimefungwa."

Dai la pili halina hata kipimo kimoja cha milimita. Linabeba uhusiano wa pembe mbili, na mshindani anayebadilisha ukubwa wa chombo bado yumo ndani yake. Vipimo viingie kwenye madai tegemezi, yale yanayolirejelea dai kuu na kuliongezea kipengele. Neno "kinachojumuisha" nalo lina kazi: linaacha mlango wazi kwa sehemu nyingine. Ukiandika "kinachoundwa na hivi pekee", mtu ataongeza kijiko na kutoka nje ya hataza yako.

Kuhusu maelezo ya uvumbuzi tunasisitiza kuliko jambo lingine lolote. Baada ya tarehe ya kuwasilisha, hutaruhusiwa kuingiza jambo jipya kwenye ombi. Kila utakachohitaji kurudi nyuma nacho mkaguzi akikubana lazima kiwe kimeandikwa tangu mwanzo. Kwa hiyo usiandike "mm 1.2" peke yake. Andika "mm 0.8 hadi 2, afadhali 1 hadi 1.5, hasa 1.2", na sababu zake. Pete ya mm 2 inayobanwa asilimia 20 hadi 25 inashuka mm 0.4 hadi 0.5. Kifuniko kisipoinuka zaidi ya hapo hakiachani na pete, na tofauti ndogondogo za plastiki inayotoka kwenye kalibu nazo zinahitaji nafasi, ndiyo maana ya 0.8. Kikipita mm 2, makombo yanaingia chini ya kifuniko na mwinuko unakuwa mkali mkononi. Mkaguzi akisoma sababu hizo anaona vipimo vina kazi. Asipoziona, atasema ni uchaguzi wa kawaida wa fundi.

Andika na kasoro iliyobaki. Katika chombo hiki, kifuniko kinaposhuka baada ya kufungua chumba, ukingo wa nyuma wa dirisha bado unaigusa pete ya chumba hichohicho. Dawa yake ni kuuviringa ukingo huo kwa nusu kipenyo cha mm 1. Hilo linakuwa dai tegemezi zuri, na waombaji wengi huliacha wakiogopa kukiri udhaifu. Jaribio la kulinganisha nalo lina uzito mkubwa: vyombo viwili vinavyofanana kwa kila kitu isipokuwa mwinuko, vifunguliwe na kufungwa mara 500, vijazwe maji yenye rangi, vipinduliwe dakika 30, kisha upime yaliyovuja kwa gramu.

Kuna mtego mwingine hapa, mkali zaidi Ulaya. Kama mfano wako pekee una pete ya silikoni, vijino vitatu na mabonde matatu, usitegemee baadaye kuuchomoa mwinuko peke yake na kuupeleka kwenye dai kuu. Mkaguzi atasema vitu hivyo ulivionyesha vikiwa vimeshikamana. Andika waziwazi kwamba vijino vinaweza kuwa viwili au zaidi, na pete inaweza kuwa ya mpira wowote nyumbufu.

Michoro iwe ya mistari myeusi isiyo na rangi. Usiache mkato unaoonyesha pete, mchoro wa sehemu zikiwa zimetenganishwa, na kifuniko katika hatua tatu: kimefungwa, kimeinuka, kimefunguliwa. Ofisi ya Marekani inataka kila kilichotajwa kwenye madai kionekane kwenye michoro.

Utafutaji wa hati za zamani ufanyike kabla ya kuandika dai lolote. Kutafuta kwa jina la bidhaa hakutoshi. Hati ya mwaka 1930 haikukiita chombo hicho jina unalolijua, na hati haizeeki, ya karne iliyopita inaua ombi sawasawa na ya mwaka jana. Tumia alama za uainishaji wa kimataifa, ambazo ni zilezile kwa lugha zote: A45C 11/20 kwa masanduku ya kubebea chakula, B65D 25/04 kwa kuta za ndani, B65D 81/32 kwa vifungashio vya vitu vinavyotengwa hadi wakati wa kutumiwa, B65D 43 kwa vifuniko, A47G 19 kwa vyombo vya mezani. Inayosahaulika ni B65D 47/26, ya vifuniko vinavyoteleza juu ya tundu. Yale makopo ya viungo yamo humo. Hifadhidata za hataza za mtandaoni, Espacenet na PATENTSCOPE, hutafutwa bure. Pitia michoro kwanza, maandishi baadaye.

Wakati unatafuta, usionyeshe chombo hadharani. Video fupi au ukurasa wa mauzo huhesabiwa kama hati ya zamani dhidi yako mwenyewe. Marekani inatoa miezi 12 ya msamaha kwa mvumbuzi aliyejitangaza. Ulaya haina msamaha wa jumla wa namna hiyo. Ukishawasilisha ombi la kwanza, Mkataba wa Paris, wa kimataifa kuhusu mali ya viwandani, unakupa miezi 12 ya kuwasilisha kwingine kwa tarehe ileile ya mwanzo.

Barua ya mkaguzi ikifika, angalia herufi zilizo kando ya hati kwenye ripoti ya utafutaji. X inadaiwa kuua dai ikiwa peke yake, Y ikiunganishwa na nyingine, A ni ya kueleza hali ya fani tu. Chora jedwali: safu mlalo moja kwa kila kipengele cha dai, kwa maneno yaleyale ya dai, na safu wima moja kwa kila hati. Jaza kwa namba za aya na za michoro. Mara nyingi utagundua mkaguzi amesema hati inaonyesha "kifuniko kinachoinuka" kumbe kinainuka kwa sababu kinafunguliwa skrubu chote. Jibu hapohapo, kwa kipengele. Usijibu kwa faida ambayo haimo kwenye dai; kama hoja yako ni ukingo ulioviringwa, uingize kwanza kwenye dai. Marekani muda wa kujibu kwa kawaida ni miezi 3, na unaweza kurefushwa kwa ada hadi 6. Omba pia mazungumzo ya simu na mkaguzi. Nusu saa juu ya mchoro mmoja huokoa barua mbili.

Kama uzuri wa chombo uko kwenye sura yake, hataza ya uvumbuzi siyo njia. Sajili umbo la bidhaa, ambalo muda wake wa kuwasilisha kwingine chini ya Mkataba wa Paris ni miezi 6 tu. Umbo lililolazimishwa na kazi peke yake halisajiliki, kwa hiyo ule mfereji hauwezi kulindwa huko.

Mkaguzi anaweza pia kusema ombi lina vumbuzi mbili, mathalani mwinuko wa kifuniko na namna ya kubana kijiko. Chagua mmoja uendelee nao, na ule mwingine uuwasilishe kama ombi lililogawanywa kutoka ombi hilo la kwanza, yaani ombi mama. Hilo lifanyike ombi mama likiwa bado hai. Hataza ikishatolewa, umechelewa.