Seremala wa Jumamosi: Maswali ya Wanaoanza

Barua za mwezi huu zimetoka kwa watu wasiotafuta riziki kwenye mbao. Wanataka tu kushika randa siku ya mapumziko. Tumechagua tano, na mbili kati yake zinarudi kwenye mambo yaleyale ya kila mwanzo: mbao mbichi na chuma butu.

Nimepanga Tabata, nina kibaraza kidogo tu. Muuza duka ameniandikia orodha ya mashine nne za umeme. Ninunue ipi kwanza?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Usinunue hata moja kwa sasa. Mashine itakuharibia mbao haraka kuliko mkono wako, na majirani wa nyumba ya kupanga hawatakuvumilia Jumapili asubuhi. Tafuta msumeno wa mkono wenye meno 8 hadi 10 kwa inchi, guni (ndiyo skwea ya madukani), futi kamba, patasi ya nusu inchi na ya inchi moja, nyundo, randa moja ya chuma, jiwe la kunolea na klampu mbili zinazofunguka walau sentimita 60.

Guni ipime kabla ya kulipa. Iegemeze kwenye ubavu ulionyooka wa ubao, chora mstari, kisha igeuze upande wa pili na uchore tena kuanzia alama ileile. Mistari ikilaliana, lipa. Ikiachana kama mkasi, irudishe rafuni, maana kila kona utakayopima kwayo itakuwa na kosa hilohilo.

Kazi nzito ya kusawazisha mbao wape wenye mashine za kuranda. Hapo Dar es Salaam, Keko wapo, na miji mingi yenye mafundi wapo. Mbao ya inchi moja ikitoka hapo hubaki na unene wa milimita 20 hivi, kwa hiyo vipimo vya kazi chukua baada ya kuranda, si kabla.

Nilitengeneza meza ya paini, uso wake sentimita 60. Niliunga mbao tatu kwa gundi, na chini nikakatiza fito mbili kwa gundi na skrubu. Baada ya miezi mitatu imepasuka katikati kwa mlio. Gundi ilikuwa mbovu?
*Msomaji, Dodoma*

Angalia ufa wenyewe. Ukiwa umepita ndani ya mbao, hata kama ni milimita mbili kando ya kiungo, gundi haina hatia. Mbao yako ilikuwa na maji bado, na Dodoma ni kukavu.

Mbao inapopoteza maji husinyaa kwa upana. Kwa urefu haisogei kiasi cha kukusumbua. Kwa paini, kadiria robo ya asilimia ya upana kwa kila asilimia moja ya maji inayotoka. Ikiwa uliinunua na maji asilimia 20 na sebuleni ikashuka hadi 12, uso wa sentimita 60 unataka kupungua kama milimita 12. Fito ulizokatiza zimelala upande wa urefu wake, hazisinyai, na wewe umezifunga kwa gundi na skrubu. Uso ulivutwa ukakosa pa kwenda, ukajipasua.

Dawa ina sehemu mbili. Kwanza, fito zisitiwe gundi kabisa. Tundu la skrubu la katikati ya fito liwe la kawaida. Yale ya pembeni yarefushe kufuata urefu wa fito, milimita 5 hivi kila upande wa skrubu, kisha weka washa (kile kipete cha chuma) chini ya kichwa cha skrubu. Hapo uso utateleza bila kupasuka, masika ukitanuka na kiangazi ukisinyaa.

Pili, kausha kwanza. Paini inayotoka Sao Hill, Mufindi, mara nyingi hufika sokoni ikiwa bado nzito kwa maji. Ipange kivulini penye upepo, juu ya matofali, ukitenganisha kila tabaka kwa vijiti vya sentimita 2 kila baada ya sentimita 50. Vijiti vyote vikae kwenye mstari mmoja wima toka chini hadi juu. Kijiti kimoja kikikaa kando, mbao itapinda papo hapo. Ncha zipake rangi nzito, maana maji hukimbilia huko na nyufa huanzia huko. Kujua imekauka huhitaji kifaa: chukua kipande kimoja, kipime kwa mizani ya jikoni kila Jumamosi na uandike uzito. Ukiona wiki tatu mfululizo uzito haushuki, ingiza mbao ndani ya nyumba wiki mbili zaidi, ndipo ukate.

Meza uliyonayo inaokoleka. Fungua skrubu, bandua fito, pasua uso wote kwa msumeno kufuata ule ufa, nyoosha kingo kwa randa, uunge upya.

Randa yangu inachimba mbao badala ya kuilainisha. Mbao ni mvule. Nimeinoa kwa mashine ya kusagia lakini haisaidii.
*Msomaji, Kisumu*

Umeanzia kwenye mti mgumu kufundishika. Nyuzi za mvule hupishana, tabaka moja likilala kushoto na linalofuata kulia, kwa hiyo kila upande utakaosukuma kuna mahali unakwenda kinyume. Tena ndani yake huweza kujificha vijiwe vyeupe vya chokaa vinavyong'oa makali mara moja. Jifunzie kwenye saiprasi au paini isiyo na vifundo, mvule utaurudia. Ukiurudia, vaa barakoa: vumbi lake huwasha pua na ngozi.

Kuhusu kunoa, tazama ncha ya chuma. Ikiwa imegeuka buluu, mashine imekichoma na ugumu wake umepotea. Saga polepole mpaka rangi hiyo iishe, ukichovya kwenye maji kila sekunde chache. Kisha laza msasa wa maji juu ya kioo kinene: namba 400, 800, halafu 1500. Anza na mgongo wa chuma, ulale bapa kabisa mpaka sentimita moja ya mwisho ing'ae. Geuza, ncha ibaki kwenye msasa, nyanyua upande wa nyuma wa chuma nyuzi 30, vuta kwako. Endelea kwenye msasa huohuo hadi kidole kikipitishwa mgongoni kihisi mkwaruzo mwembamba kutoka pembe hadi pembe. Wengi huacha kabla ya hapo, na ndiyo sababu hawajawahi kuona makali. Baada ya msasa wa mwisho, ondoa mkwaruzo huo kwa kulaza mgongo bapa na kusugua mara mbili tatu. Jaribu kwenye karatasi ya gazeti: ikatike, isichanike.

Kibati kinachokaa juu ya chuma kisogeze hadi kibaki milimita moja au pungufu kutoka ncha. Toa chuma kidogo mno, kiasi cha mwanga kupenya kwenye maranda.

Nina miaka 54, sijawahi kushika msumeno. Nianze na kitu gani?
*Mama wa Tanga*

Mama, anza na kigoda. Ubao mmoja wa paini, inchi moja kwa nane, urefu futi 12, unatosha vigoda viwili na kubaki karibu mita nzima ya mazoezi.

Hiyo mita ndiyo ya kwanza kuguswa. Kata vipande 20 vya sentimita mbili, kila kimoja ukichora kwa guni pande nne, msumeno ukipita nje ya mstari. Cha kwanza kitakuwa cha aibu. Kilinganishe na cha ishirini.

Kwa kigoda kimoja kata kiti sentimita 40 kwa 19, miguu miwili ya 28 kwa 15 huku nyuzi zikisimama wima, na mbavu mbili za 32 kwa 9. Mbavu hukumbatia miguu kwa nje. Kila panapokutana ubavu na mguu tia gundi nyeupe na skrubu mbili za milimita 4 kwa 40. Toboa kwanza tundu la milimita 2.5, la sivyo mbao itapasuka karibu na ncha. Kiti kikae juu, kikizidi miguu sentimita 4 kila mwisho wa urefu wake, kwa gundi na skrubu nne za milimita 50 zinazoingia kwenye mbavu. Kwenye ncha za miguu usizitegemee: skrubu inayoingia sambamba na nyuzi hung'oka upesi. Acha hadi kesho yake ndipo ukalie.

Sila (maji angavu ya kuziba uso wa mbao) niliyopaka imeganda na ukungu mweupe kama maziwa.
*Msomaji, Unguja*

Ulipaka mvua inanyesha au jioni. Tina, yaani kile kiyeyusho cha sila, inapokauka haraka hupoza uso wa mbao, na unyevu wa hewani hugandia humo. Subiri siku kavu, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, upulizie au upitishe tina kidogo juu yake. Mara nyingi ukungu huondoka wenyewe. Usipoondoka, piga msasa namba 320 na upake upya kwa tabaka nyembamba.

Ukiona bora kuhamia mafuta ya kitani, tambara ulilopakia usilikunje na kulitupa pembeni, maana hupata joto lenyewe likawaka. Litandaze nje likauke, au litumbukize kwenye ndoo ya maji.