Gari la Batman: la chuma au la kompyuta?

Unasema lile gari la Batman kwenye filamu ya Batman Begins (2005) ni picha za kompyuta tupu? Hapana kaka, lilikuwa la chuma kabisa, linawashwa na kuendeshwa barabarani. Mwongozaji wa filamu hiyo, Christopher Nolan, na mbunifu wake Nathan Crowley walianza kwa kuunganisha vimodeli vya plastiki gereji, ndiyo maana lina sura ya kifaru cha kivita kilichozaa na Lamborghini. Kisha timu ya Chris Corbould, Mwingereza wa mitambo ya filamu, ikaliunda: injini ya V8 ya lita 5.7, uzito tani mbili na zaidi, tairi nne nene nyuma na mbili mbele.

Hebu litazame tena kwa mbele. Hakuna ekseli inayounganisha zile tairi mbili! Kila moja imeshikwa na mkono wake kutokea ubavuni, katikati peupe. Hapo ndipo mafundi waliumiza kichwa, kwa sababu lilitakiwa liruke na kutua bila kuvunjika.

Ule moto wa nyuma nao ni wa kweli, ila ni gesi ya mitungi inayolipuliwa kwa ajili ya kamera. Hausukumi gari hata inchi moja, kwa hiyo hapo walitupiga changa la macho kidogo. Na pale gari linapopita juu ya mapaa ya nyumba walitumia modeli ndogo. Ukijua hilo, unaanza kuona vigae vinavyopasuka kwa jicho jingine.